Boksi Jipya, Mtambo Uleule

Oktoba 2025 Eastman Kodak ya Rochester, jimboni New York, ilitoa mikanda miwili ya picha za rangi, Kodacolor 100 na Kodacolor 200, na wapiga picha wakaipokea habari hiyo kama watu walioambiwa mwezi umeandama. Kijana mmoja ninayemfundisha kazi hii alinipigia simu saa nne usiku. "Mwalimu, umeona? Kodak wametoa filamu mpya!" Nikamuuliza mpya kwa lipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si boksi lake jipya?" Sikumcheka. Waliojaza kurasa wakitangaza ufufuko wa filamu hawakuwa na ushahidi mkubwa kuliko wake.

Maoni yangu ni kwamba shangwe ile ilibisha mlango usio wake. Kilichobadilika Oktoba ile ni nani anauza, wala si kinachouzwa. Mtu anayetaka kujua kama enzi hii ya kamera za dijitali itatupa filamu mpya asihesabu majina yaliyo dukani. Ahesabu viwanda vyenye mtambo wa kupaka filamu ya rangi, kisha aulize nani yuko tayari kulipa ili mtambo huo uzunguke. Kwa kipimo hicho, habari kubwa ya miaka hii haikutoka Rochester. Ilitoka Mobberley, kijiji cha Cheshire huko Uingereza, Desemba 2023, na ilikuja kwa sura ya mkanda uitwao Phoenix, uliojaa kasoro hata wenye kuutengeneza wakaziandika wenyewe.

Tuanze na Kodacolor, maana bila historia yake haieleweki. Januari 2012 Eastman Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ilipotoka huko mwaka 2013, nyumba ilikuwa imegawanywa. Mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake wa Uingereza, uliokuwa ukiidai fedha nyingi, ulichukua biashara ya kuuza mikanda ya picha za kawaida chini ya kampuni mpya iitwayo Kodak Alaris. Rochester ikabaki na kiwanda, na ikabaki kuuza filamu ya sinema. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, mkanda wa Gold au Portra ulitengenezwa na Kodak mmoja na kuuzwa na Kodak mwingine, kila mmoja na hesabu zake, na mnunuzi wa mwisho akilipia safari yote. Agosti 2024 Alaris ikanunuliwa na Kingswood, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Mwaka mmoja na ushei baadaye, mwenye kiwanda akaamua naye apange meza yake sokoni. Hiyo ndiyo Kodacolor. Jina lenyewe ni la zamani, na mwaka 1942 liliwekwa kwenye mkanda wa kwanza wa negativu za rangi wa kampuni hiyo. Kuhusu kilichomo ndani, walioupiga na kuusafisha wanashuku kwamba ule wa 100 ni ndugu wa ProImage na ule wa 200 ni ndugu wa ColorPlus, mikanda ambayo imekuwepo miaka mingi. Mimi nawaamini, ila sioni haja ya kugombana juu ya hilo. Hata Kodak wenyewe waliieleza hatua ile kwa lugha ya soko, kwamba wanataka mzigo uongezeke na bei itulie. Hiyo ni faida, tena kubwa kwa mtu anayelipa mkanda mmoja fedha ya kulisha nyumba siku kadhaa. Lakini ni faida ya duka, haijagusa kemia.

Jambo hili si la Kodacolor peke yake. Chukua boksi la kijani la Fujifilm 400 linalouzwa miaka hii, ligeuze, utasoma kwamba limetengenezwa Marekani, na Fuji ni ya Japani. Chukua Acros II, fahari ya Wajapani kwa picha nyeusi na nyeupe, utakuta imeandikwa Uingereza. CineStill 800T, inayopendwa na vijana kwa taa zake zenye ukungu mwekundu, ni filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa tabaka jeusi la mgongoni ili isafishike kwa dawa za kawaida. Ipo pia filamu ya Kodak iliyokusudiwa picha za kutoka angani, ambayo wauzaji wadogo mbalimbali wameikata, wakaiviringisha na kila mmoja akaipa jina lake. Ni sawa na unga wa sembe. Rafu ina mifuko kumi, mmoja una picha ya simba, mwingine wa mama anatabasamu, mwingine umeandikwa kwa herufi za dhahabu, na ukifuatilia barabara unafika kwenye kinu kimoja. Mwenye njaa halazimiki kujali. Lakini anayehesabu mifuko na kutuambia nchi ina vinu kumi anatupotosha, maana siku kinu kile kikiharibika, mifuko yote kumi italala siku moja.

Kwa nini vinu ni vichache hivyo? Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo kwenye shina la jambo. Filamu ya rangi huanza na ukanda mpana wa plastiki ya asetati, unaopita kwenye mtambo mrefu ndani ya giza totoro. Juu yake hupakwa jelatini, ileile inayochemshwa kutokana na mifupa na ngozi za wanyama, ikiwa imebeba chembe za madini ya fedha zinazosikia mwanga. Haipakwi mara moja. Kuna tabaka la kusikia bluu, la kijani, la nyekundu, kila rangi ikigawanywa tena kwa kasi tofauti, na katikati yake tabaka za kuchuja na kutenganisha, hadi kufikia zaidi ya kumi. Zote hizo zikikauka, unene wake kwa pamoja ni mdogo kuliko unywele wa kichwani. Kimiminika kimoja kikizidi joto kidogo, kiputo kimoja kikiingia, vumbi moja likitua, kasoro inajiandika kwenye mamia ya mita na hakuna atakayeiona, kwa sababu kazi yote inafanyika gizani. Mafundi wanaojua kuuendesha mtambo huo walijifunza kwa miaka mingi kutoka kwa mafundi waliotangulia, kwa mikono na masikio, na wengi wao wameshastaafu.

Sasa piga hesabu. Tuchukulie ukanda wenye upana wa mita 1.3 na urefu wa kilomita moja tu, ambao kwa mitambo hiyo ni urefu wa kupasha moto misuli. Ukiukata kwa milimita 35 unapata vipande 37. Mkanda wa picha 36, pamoja na kichwa na mkia wake, unakula kama mita 1.6. Kwa hiyo kila kipande kinatoa mikanda 625, na vipande vyote 37 vinatoa mikanda 23,125. Hiyo ni kilomita moja, kwa aina moja ya filamu, kabla hujajua kama watu wameipenda. Ukiikosea, unatupa. Ukiipatia, una miaka miwili mitatu ya kuiuza kabla tarehe iliyogongwa kwenye boksi haijafika. Kila mpiga picha anayeandika "mbona hawatutengenezei filamu ya hivi" anaomba, pengine bila kujua, kilomita nzima.

Mitambo hii ilijengwa wakati kilomita moja ilikuwa si kitu. Mwaka 2006 Kodak iliuza futi bilioni 12.4 za filamu ya sinema. Mwaka 2014 ilitarajia futi milioni 449. Hiyo ni anguko la asilimia 96 kwa miaka minane, na lilitokea hasa pale majumba ya sinema yalipobadili projekta na kuacha kuhitaji nakala za filamu kwa kila ukumbi. Kwa hiyo unabaki na sufuria la kupikia pilau ya harusi ya mtaa mzima, na waliokuja kula ni watatu. Huwezi kuwapikia humo bila kuunguza. Kiwanda kikubwa kinachokufa hufa hivyo, kwa kushindwa kuwa kidogo. AgfaPhoto ya Leverkusen, Ujerumani, ilifilisika mwaka 2005 wakati mikanda yake bado ilikuwa ikinunuliwa. Mwaka mmoja kabla yake Ilford ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa mfilisi, na iliokolewa na mameneja wake wenyewe walioinunua na kuunda Harman Technology. Iliponea kwa kuwa ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, na soko lake lilishajizoesha udogo.

Baada ya kusema hayo, hoja dhaifu kuliko zote inaanguka karibu yenyewe, nayo ndiyo inayopendwa zaidi. Ni ile ya kwamba mapishi yamo kwenye droo, uchoyo wa kampuni ndio unaotunyima. Aliyeisema kwa ukali zaidi ni yule anayetaka Kodachrome. Filamu hiyo iliingia sokoni mwaka 1935 na ikasitishwa 2009, wakati mauzo yake hayakuwa yakifika hata asilimia moja ya mauzo ya mikanda ya Kodak. Tofauti na mikanda mingine, Kodachrome haikuwa na vitu vya kutengeneza rangi ndani yake. Rangi ziliingizwa wakati wa kusafisha, kwa mfululizo mrefu wa dawa ambao maabara moja tu ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons huko Kansas, ilikuwa ikiumudu, nayo ikaacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Kuirudisha Kodachrome ni kurudisha filamu, na dawa zake, na mashine za kuisafishia, na watu wa kuziendesha. Mapema 2017 mkuu mmoja wa Kodak alidokeza kwamba wanalitazama suala hilo, na dunia ya wapiga picha ikaruka kwa furaha. Halikufika popote, na sidhani kuna aliyeficha kitu.

Ushahidi ulio bora ni wa Ektachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, ambayo ilirudi kweli. Ilisitishwa mwaka 2012. Januari 2017 Kodak ikatangaza kuirudisha kabla mwaka haujaisha. Ilitoka Septemba 2018. Hii ni filamu yao wenyewe, kwenye kiwanda chao wenyewe, iliyosimama miaka michache tu. Kilichowachelewesha ni kwamba baadhi ya kemikali zake hazikuwa zikitengenezwa tena na mtu yeyote, ikabidi waitunge upya kwa vitu vinavyopatikana. Vivyo hivyo Fuji walipositisha Acros mwaka 2018 walitaja ugumu wa kupata malighafi. Droo haisaidii kitu kama muuza viungo amefunga duka. Na ukweli mwingine usiotamkwa ni kwamba hata anayelia kuwa alinyimwa, mara nyingi ndiye aliyeacha kununua. Nami nimo.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi, na wapenzi wa filamu huipuuza kwa hasara yao. Inasema: huu ni mtindo wa vijana waliozaliwa na simu mkononi, wakichoka utaisha, na mwenye akili hawekezi mamilioni kwa ajili ya mtindo. Tazama Fuji wanavyofanya. Waliokoka kimbunga cha dijitali kwa kupeleka ujuzi wao wa kemia kwenye vipodozi na vifaa vya hospitali. Pro 400H, mkanda uliopendwa na wapiga picha wa harusi, waliusitisha Januari 2021. Lakini Instax, kamera ya kutoa picha papo hapo, wanaipanulia kiwanda, na wamekwisha kuuza kamera na printa zake zaidi ya milioni 100 tangu 1998. Wakati huohuo kamera zao za dijitali zina menyu yenye majina ya Velvia, Provia, Astia na Acros, ukibonyeza picha inajifanya imepigwa kwa mkanda. Jina la filamu linalipa kuliko filamu. Mhasibu yeyote akipewa hesabu hizi ataelekeza fedha palepale walipozielekeza Fuji.

Ninachowajibu wenye hoja hii ni kwamba wanachanganya ukubwa wa soko na uhai wake. Soko la filamu halitarudi kuwa lilivyokuwa mwaka 2000, na hakuna anayehitaji lirudi. Swali ni kama lipo soko dogo linaloweza kujilipia mtambo mdogo. Na hapa hatubahatishi tena, kwa sababu wapo waliojaribu.

Wapo walioshindwa, au walioshinda nusu. Mwaka 2014 Film Ferrania ya Italia iliomba wapenzi wa filamu waichangie ili iokoe mitambo ya kiwanda cha kale karibu na Savona na kutengeneza slaidi za rangi. Ilichangiwa zaidi ya dola 320,000. Kilichotoka mwaka 2017 kilikuwa P30, mkanda mzuri sana, wa nyeusi na nyeupe. Slaidi za rangi walizolipia watu hazikufuata. Waliochanga walinung'unika na haki yao, lakini tukio lile lilimfundisha kila mtu tofauti ya kupaka tabaka moja na kupaka kumi na ushei. Kabla yao kulikuwa na kundi lililochukua kiwanda cha mwisho cha Polaroid huko Enschede, Uholanzi, baada ya kampuni kusitisha mikanda yake mwaka 2008. Walirithi mitambo bila kemikali. Picha zao za kwanza, mwaka 2010, zilikuwa hafifu, ilibidi uifunike kwa kiganja mara inapotoka kwenye kamera isiungue na mwanga, na hata hapo hukuwa na hakika ya rangi. Watu wakazinunua hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka, hadi zikawa nzuri, na leo kiwanda kile kinauza kwa jina la Polaroid lenyewe.

Ndiyo maana naiona Phoenix ya Harman kuwa jambo kubwa. Tarehe 1 Desemba 2023 kampuni hii iliyoishi kwa nyeusi na nyeupe ilitoa mkanda wa rangi wa ASA 200 (ASA ni kipimo cha filamu inavyosikia mwanga) ulioundwa na kupakwa nyumbani kwake, Mobberley. Nilibahatika kupata mmoja. Niliupiga asubuhi moja soko la samaki Feri. Negativu yake haina ile rangi ya chungwa tuliyoizoea, ina zambarau iliyopauka, kiasi kwamba skana hazijui ziifanyeje. Jua likigonga bati au mgongo wa nguru aliyelowa, mwanga unavuja pembeni na kuacha pete nyekundu. Vivuli vinazama. Ndoo ya plastiki ya bluu ilitoka na bluu ambayo sijapata kuiona kwenye ndoo yoyote ya duniani. Kwa kipimo cha mwaka 1995, mkanda huu ungerudishwa dukani siku hiyohiyo na muuzaji angeomba radhi. Harman hawakuficha. Waliutangaza kuwa ni wa majaribio, na wakasema mauzo yake yatarudi kulipia hatua zinazofuata. Julai 2025 wakatoa Phoenix II, yenye rangi zilizotulia zaidi na vivuli vyenye pumzi. Kati ya mkanda wa kwanza na wa pili kuna miezi ishirini, na aliyelipia miezi hiyo ni mnunuzi aliyekubali ndoo ya bluu ya ajabu.

Hapo ndipo penye upya. Kodacolor haikuongeza kiwanda hata kimoja kwenye orodha. Phoenix iliongeza. Lucky wa Baoding, China, nao wamerudi na mkanda wa rangi wa C200 baada ya kimya cha miaka, na Ujerumani kuna ORWO, ambao mwaka 2022 walitangaza mkanda wa rangi wenye rangi za huzuni huzuni ambazo mimi binafsi sizipendi, ila nafurahi zipo. Vinu vimeongezeka kwa kiasi cha kuhesabika kwa kiganja kimoja. Ukilinganisha na kelele zilizopigwa juu ya Kodacolor utadhani hakuna aliyeviona.

Kuna njia ya pili ya kupata filamu mpya, fupi kuliko hii, nayo ni kuja na oda. Christopher Nolan alipotaka sehemu za filamu yake ya 2023, Oppenheimer, ziwe nyeusi na nyeupe kwa kamera za IMAX, filamu ya namna hiyo kwa upana wa milimita 65 haikuwepo duniani. Kodak waliitengeneza, maabara ikabadilisha mitambo yake ili iisafishe, kamera nazo zikarekebishwa. Hakuna aliyesikia kisingizio cha malighafi wala cha mtambo, kwa sababu kilomita zile zilikuwa zimeshanunuliwa kabla ya kupakwa. Nolan na waongozaji wenzake ndio waliozibana studio za Hollywood mwaka 2014 na 2015 zikubali kununua kiasi fulani cha filamu kila mwaka, na bila mkataba ule sina uhakika kama leo tungekuwa na Gold ya kubishania. Mpiga picha wa mtaani anayedharau sinema ajue kwamba mkanda wake umepanda lori la watu wa sinema.

Na oda ndiyo inayoamua filamu inamwona nani. Hili sisi wa upande huu tunalijua, au tunapaswa kulijua. Kwa miongo kadhaa maabara zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ikaitwa kadi ya Shirley kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya mwanzo. Rangi ikimkaa Shirley, mashine iko sawa. Mtu mweusi akipigwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu anabaki meno na macho. Wazazi wa watoto weusi wa Marekani waliolalamikia picha za shule zenye watoto wa rangi mbili hawakuwa soko la kutosha. Waliosikilizwa ni watengenezaji wa samani waliotaka mbao za giza zitofautiane na mbao za rangi nyepesi, na watengenezaji wa chokoleti waliotaka chokoleti ya maziwa isifanane na ile chungu. Ndipo filamu ikajifunza kahawia. Wapiga picha wetu wa studio, kama Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, hawakuwa na nafasi ya kusubiri Rochester ibadilike. Walikuwa na taa, pazia, poda, na jicho la kujua ngozi hii uiongezee mwanga kiasi gani.

Kwa hiyo nikiulizwa natamani filamu gani mpya, sitaji Kodachrome. Natamani mkanda wa rangi wa ASA 400 uliopimwa kuanzia kahawia nzito, ambao vivuli vyake havimezi uso wa bibi aliyekaa barazani saa kumi na mbili jioni, na kijana wa ngozi nyeupe akitokea kwenye fremu hiyohiyo naye atulie mahali pake. Kikemia haliko mbali. Mikanda kama Portra imeshafika sehemu kubwa ya njia. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kwenye kiwanda na kusema, tupakieni kilomita moja kwa kipimo hiki. Mikanda 23,125. Nimejaribu kuigawa. Dar, Nairobi, Mombasa, Kampala, Kigali, Lubumbashi, kisha Lagos, Accra na Dakar ambako vijana wanaopiga mikanda ni wengi kuliko kwetu, kisha ndugu zetu wa London na Toronto. Ukiwapata watu elfu mbili, kila mmoja anatakiwa anunue mikanda kama kumi na miwili, mmoja kwa mwezi. Kwa hesabu ya karatasi haitishi.

Inatisha ukifika kwenye kusafisha. Ule mkanda wa Feri ulikaa kwenye friji yangu miezi mitano, kando ya maziwa ya watoto, kwa kukosa maabara ya rangi ninayoiamini. Studio niliyokuwa nikipeleka zamani mashine yake iliharibika na fundi akasema kipuri hakipo, sasa wanapiga picha za pasipoti na kutoa fotokopi. Mwishowe binamu yangu aliuchukua akaenda nao Ulaya, na nikamwandikia barua kabisa ya kuwaonyesha watu wa uwanja wa ndege kwamba wauangalie kwa mkono, kwa kuwa mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi huiunguza filamu. Waliuangalia kwa mkono kwenye uwanja mmoja, kwenye mwingine wakakataa. Picha za mwisho mwisho zina utando wa kijivu na mpaka leo sijui nimlaumu nani kati ya mashine, friji na Phoenix yenyewe.

Yule kijana wangu aliponipigia tena, wiki chache baadaye, alikuwa ameshaipata Kodacolor mbili kutoka kwa mtu aliyetoka Dubai. Safari hii hakuniuliza habari ya boksi. Aliuliza dawa za kusafishia rangi zinauzwaje, maji yake yanatakiwa joto gani, na kama tukichangia watu sita itafika shilingi ngapi kila mtu. Nyuzi 38, nikamwambia, na lazima uwe na kipimajoto usichokibahatisha. Jumamosi tunaanza na beseni, birika na mkanda mmoja ambao haumuumi mtu ukiharibika.